Kifuko cha nyongo kimeumia na ini ni bovu: kusubiri, kuweka mrija au kupasua?

Kifuko cha nyongo kimejificha vizuri. Kimelala chini ya ini, upande wa kulia, mbavu zikikikinga kwa mbele, na ndiyo maana si rahisi kukiumiza. Katika watu wanaopasuliwa tumbo baada ya kugongwa, wanaokutwa na jeraha la kifuko hicho ni kama 2 tu katika kila 100. Anayeumia kifuko huku ini lake tayari limeharibika ni wa nadra zaidi. Lakini akifika, hufika usiku, kwa daktari wa zamu, mara nyingi kwenye hospitali ya wilaya, na maelekezo mengi yaliyopo yanazungumzia ama ajali ama ugonjwa wa ini, si vyote viwili kwenye mwili mmoja.

Ulinganisho huu nimeuandika kwa ajili ya daktari huyo na tabibu anayesaidiana naye. Nimeuandika pia kwa ajili ya ndugu atakayeletewa karatasi ya ridhaa aisaini kabla hajaelewa anachaguliwa nini. Njia za tiba ni nne, na hakuna iliyo bora kwa kila mtu. Iliyo sahihi kwa mtu mwenye ini zima inaweza kumuua mwenye ini bovu.

Ini bovu linabadilisha nini

Ini likisinyaa na kujaa makovu, damu inayotoka kwenye utumbo na bandama inakosa pa kupita. Presha inapanda kwenye mshipa wa porta, ule mkubwa unaoleta damu hiyo, na damu inaanza kutafuta njia za pembeni: kwenye koo la chakula, kuzunguka kitovu, na kwenye ukuta wa kifuko cha nyongo chenyewe. Ukikibandua kifuko cha mtu mwenye ini zima, pale kilipolalia panatoka damu kidogo, unabana na chachi, basi. Ukimfanyia hivyohivyo mwenye sirosisi, yaani ini hilo lililojaa makovu, unafungua uwanja mzima wa mishipa iliyovimba, na chini yake kuna ini gumu lisiloshika uzi. Juu ya hapo bandama iliyovimba imeshameza chembe sahani, zile zinazosaidia damu kuganda, na ini lenyewe halitengenezi protini za kutosha za kugandisha damu.

Ukuta wa kifuko nao una habari yake. Kifuko kilichojaa na chenye ukuta mwembamba ndicho kinachopasuka kirahisi. Kwa hiyo aliyegongwa akiwa hajala kwa saa nyingi, au akiwa amekunywa, yuko hatarini zaidi, maana pombe hubana mlango ambao nyongo hupitia kuingia kwenye utumbo na kifuko kinajaa. Ukuta mnene huhimili kishindo kuliko mwembamba. Mwenye sirosisi mara nyingi ana ukuta mnene hata kabla ya ajali, kwa sababu ya presha ya mshipa wa porta na upungufu wa albumini, protini ya damu inayotengenezwa na ini. Ukuta wa kawaida hauzidi milimita 3. Wake unaweza kuzidi hapo bila kuwa na jeraha lolote. Daktari akiona ukuta mnene kwenye ultrasaundi akatangaza kwamba kifuko kimeumia, huenda anasoma ugonjwa wa miaka mingi na kuuita wa jana.

Majeraha yenyewe yako ya aina tatu kwa ukubwa wake. Kuna kuvilia, damu inapoingia ndani ya ukuta au ndani ya kifuko bila kupasuka. Kuna kuchanika au kutoboka, nyongo ikavuja tumboni. Na kuna kung'oka, kifuko kinapobanduka kutoka kwenye ini, nusu au chote. La tatu ndilo linalotoa damu nyingi. La pili ndilo linalodanganya.

Kwanza vipimo: ultrasaundi, sindano au CT scan

Hapa ndipo nataka msomaji akae kwa muda, kwa sababu naamini makosa mengi huanzia hapa, si kwenye kisu.

Kwa majeruhi wa kawaida, ultrasaundi ya haraka ya tumbo ina kazi moja: kuna maji au hakuna. Yakiwepo na presha ikiwa imeshuka, mgonjwa anaenda chumba cha upasuaji. Kwa mwenye ini bovu kanuni hiyo inavunjika, maana maji yanayoletwa na ini bovu huenda yalikuwemo tumboni kabla ya ajali. Ultrasaundi inaonyesha weusi tu kati ya utumbo na ini. Haikwambii kama weusi huo ni maji ya ini, ni damu, au ni nyongo. Kwa hiyo makosa yanakuja kwa pande mbili: mmoja anampasua mtu asiyestahili kupasuliwa, mwingine anaandika kwenye faili kwamba ni maji yake ya siku zote, na nyongo inaendelea kuvuja.

Sindano ya kuvuta maji hayo inajibu swali hilo kwa dakika chache na haihitaji mashine kubwa. Mchomee upande wa kushoto chini, mbali na kitovu, ukiongozwa na ultrasaundi ili usitoboe mshipa uliovimba kwenye ukuta wa tumbo. Wengi wanaogopa kwa sababu INR, kipimo cha muda wa damu kuganda, iko juu au chembe sahani ziko chini. Kwa sindano ya kuchukua sampuli hofu hiyo haina msingi. Miongozo ya magonjwa ya ini haimtaki mtu arekebishwe damu kwanza ili achukuliwe maji ya tumbo. Ukishapata maji, linganisha hivi:

| | Maji ya ini | Damu | Nyongo |
|---|---|---|---|
| Yanavyoonekana kwenye bomba | manjano hafifu, yanapitisha mwanga | mekundu, kwa kawaida hayagandi | manjano iliyokolea, kijani au kahawia |
| Kipimo cha kuomba | chembe nyeupe, albumini | hematokriti (kiwango cha chembe nyekundu) ya maji na ya damu ya mshipani | bilirubini (rangi ya manjano iliyomo kwenye nyongo) ya maji na ya damu, kwa wakati mmoja |
| Kinachoweza kukupotosha | mwenye manjano ana maji ya rangi iliyokolea bila jeraha | saratani ya ini iliyopasuka nayo hutoa damu | maji mengi huichuja nyongo, rangi ikafifia |

Safu ya mwisho ndiyo inayosahaulika. Bilirubini ya maji ya tumbo ikizidi miligramu 6 kwa desilita, yaani kama mikromoli 102 kwa lita, na ikawa kubwa kuliko ile ya damu, fikiria kwanza kwamba nyongo inavuja. Mashine ile ile inayopima bilirubini ya damu inaweza kupima ya maji. Kinachotakiwa ni kuandika ombi na kumpigia simu mtu wa maabara ili sampuli isitupwe. Linganisha na damu kila mara, kwa sababu mgonjwa wa manjano atakuwa na bilirubini nyingi kila mahali.

Nyongo safi, isiyo na vijidudu, haiumizi tumbo mara moja jinsi asidi ya tumbo inavyofanya kidonda kinapotoboka. Ndani ya maji mengi hupungua makali zaidi. Mtu anaweza kukaa siku kadhaa, hata wiki, akiwa na tumbo lililovimba kidogo, hamu ya chakula imepotea, macho yakizidi kuwa ya manjano, na kila anayemwona anasema ni ini lake. Ndani ya siku hizo maji yanaingiwa na vijidudu. Chembe nyeupe aina ya nyutrofili zikifika 250 kwa milimita ya ujazo, tayari kuna maambukizi. Maji yakiwa na glukosi (sukari) chini ya miligramu 50 kwa desilita, au vijidudu vya aina zaidi ya moja vikiota, si yale maambukizi yanayojizukia yenyewe kwa wagonjwa wa ini. Kuna tundu mahali fulani.

CT scan yenye dawa ya mshipani ndiyo inayoonyesha kifuko chenyewe: kimesinyaa wakati mgonjwa hajala na kilipaswa kujaa, ukuta umekatika, damu imo ndani, dawa inamwagika nje ya mshipa. Inaonyesha pia ini, bandama na duodenamu (mwanzo wa utumbo mwembamba), na hilo ni jambo kubwa, kwa sababu ni nadra kifuko kuumia peke yake. Hasara zake kwa mgonjwa huyu ni figo, ambazo tayari zimechoka na zinaweza kuathiriwa na dawa hiyo, na safari. Kama mashine iko kwenye jengo hilohilo na presha imetulia, mpime. Kama iko mbali na presha haijatulia, usimpeleke kwenye mashine. Kati ya ultrasaundi na CT, kwa hospitali isiyo na CT, sindano inaziba sehemu kubwa ya pengo, na kwa mgonjwa mwenye maji tumboni ningeichukua kabla ya CT hata pale CT ilipo.

Ini bovu la aina gani?

Katika kanda ya Ziwa Viktoria swali hili lina uzito wa pekee. Chukua wavuvi wawili wa Ukerewe, wote wamepigwa na usukani wa bodaboda chini ya mbavu za kulia. Mmoja ana kichocho cha tumbo cha miaka mingi. Mwingine ana sirosisi iliyotokana na homa ya ini B, au pombe kali, au vyote viwili. Ukiwapima kwa macho wanafanana: bandama kubwa, pengine wamewahi kutapika damu.

Kwa ndani hawafanani. Kichocho huweka makovu kuzunguka matawi ya mshipa wa porta, lakini chembe za ini zenyewe kwa kawaida zinaendelea kufanya kazi. Albumini iko karibu na kawaida, INR pia, mgonjwa hana manjano. Atatoa damu kwenye upasuaji kwa sababu ya presha na chembe sahani chache, ila ini lake lina nguvu ya kumvusha baada ya upasuaji. Mwenye sirosisi anaweza kupona mezani akafa siku ya saba wodini, ini na figo vikizima taratibu. Kwa hiyo kwa wa kwanza unaogopa saa mbili za chumba cha upasuaji. Kwa wa pili unaogopa wiki mbili zinazofuata. Kumweka mwenye kichocho kwenye kundi la wasiopasulika eti kwa sababu ana ini ni kumnyima tiba aliyoweza kuivumilia.

Kwa mwenye sirosisi kuna kipimo cha Child-Pugh, kinachojumlisha bilirubini, albumini, INR, maji tumboni na kuchanganyikiwa. Alama 5 hadi 6 ni daraja A, 7 hadi 9 ni B, 10 hadi 15 ni C. Tafiti mbili za Marekani, ya 1984 na ya 1997, zilikuta vifo baada ya upasuaji wa tumbo vikiwa karibu 10% kwa daraja A, 30% kwa B, na kati ya 76% na 82% kwa C. Uangalizi umeboreka tangu hapo kwenye hospitali kubwa, lakini ngazi yenyewe ipo palepale, na upasuaji wa dharura huwa mbaya kuliko wa kupangwa.

Tahadhari moja: kipimo hicho kilitengenezwa kwa mtu aliyelala kitandani, si aliyetolewa barabarani. Majeruhi aliyepoteza damu na kujazwa dripu albumini yake inashuka kwa siku moja. Nyongo iliyomwagika tumboni inafyonzwa na kupandisha bilirubini. Aliyepigwa kichwa anachanganyikiwa, na si ini. Ukijumlisha namba za usiku ule utamfanya wa daraja B aonekane wa C, kisha uogope kumpasua. Waulize ndugu: kabla ya ajali tumbo lilikuwa limejaa? Alikuwa analala mchana na kukesha usiku, au anapotea maneno? Macho yalikuwa ya manjano? Alikuwa anatembea na kufanya kazi? Majibu hayo yana thamani kubwa kuliko albumini ya saa nane usiku.

Kusubiri na kumwangalia

Njia hii ni ya mtu ambaye presha imetulia, tumbo halijakaza, na picha inaonyesha kifuko kimevilia tu, hakijapasuka. Mavilio mengi hunywea yenyewe. Kwa mwenye ini bovu ina mvuto mkubwa, kwa sababu kila saa isiyo ya kisu ni saa ya faida kwake.

Ila kusubiri ni kazi. Mgonjwa aangaliwe tumbo na mtu yuleyule kila baada ya saa chache, hemoglobini irudiwe, ultrasaundi irudiwe, na kama maji yanaongezeka, sindano irudiwe. Damu iliyoganda ndani ya kifuko inaweza kuziba mrija wake na kuleta uvimbe mkali siku kadhaa baadaye, na sehemu ya ukuta iliyokosa damu inaweza kuoza ikatoboka. Kwa hiyo kama wodi ina muuguzi mmoja kwa wagonjwa arobaini, ukweli ni kwamba mgonjwa haangaliwi, amelazwa tu. Hapo njia hii haipo, hata kama jeraha lake linairuhusu. Mpeleke anapoweza kuangaliwa.

Na kama nyongo imethibitika kuvuja, kusubiri kumekwisha. Hakuna daraja la ini linalofanya nyongo tumboni iwe ya kuachwa.

Kuweka mrija bila kupasua

Mtaalamu wa radiolojia anapitisha mrija kwenye ngozi, akiongozwa na picha, hadi ndani ya kifuko au kwenye dimbwi la nyongo lililokusanyika. Kwa wa daraja C mwenye presha iliyotulia na nyongo inayovuja, hii ndiyo njia ninayoipendelea, pale inapopatikana. Haihitaji usingizi mzito na inanunua muda.

Vikwazo vyake ni viwili na vyote vinatoka kwenye ini. Mrija ukipita ndani ya ini, hatari ni damu. Ukikwepa ini ukapita moja kwa moja tumboni, maji yanavuja kandokando yake na vijidudu vinapata mlango. Wengi huchagua kupita kwenye ini baada ya kuyatoa maji kwanza. Halafu kuna tatizo la jeraha lenyewe: kifuko kilichopasuka kimesinyaa, ni shabaha ndogo kuliko kile kilichojaa kwa mawe. Mara nyingine kinachowezekana ni kuweka mrija kwenye dimbwi tu.

Unapotumika kwenye kifuko, mrija hukaa wiki kadhaa ili njia yake ikomae, kwa kawaida 3 hadi 6, na kwa mtu aliyekonda mwenye albumini ya chini ni busara kuuacha zaidi. Ndugu wajue hilo mapema, kwa sababu mrija uliovutwa nyumbani kabla ya wakati ni nyongo tumboni upya. Katika hospitali chache zenye endoskopia (kamera ya ndani ya mwili) ya njia ya nyongo, mrija wa plastiki unaweza kuwekwa kupitia mdomoni na utumbo bila kutoboa tumbo kabisa, na kwa mwenye maji mengi hiyo ni faida kubwa. Muhimbili ina huduma hizi; hospitali nyingi za rufaa za mikoa hazina.

Matundu madogo au mkato mkubwa

Mwaka 1992 jopo la wataalamu nchini Marekani bado liliwaweka wenye sirosisi ya hatua ya mwisho kando ya upasuaji wa matundu madogo, ule unaofanywa kwa kamera. Leo kwa daraja A, na B aliyechaguliwa vizuri, matundu yanapendelewa kuliko mkato kwa ugonjwa wa kifuko: damu hupotea kidogo na kidonda hakivuji maji kwa wiki. Kwa majeruhi, hata hivyo, kuna sharti lisilojadiliwa: presha iwe imetulia. Gesi inayojazwa tumboni inapunguza damu inayoingia kwenye ini, kwa hiyo presha yake iwekwe chini, karibu na milimita 10 hadi 12 za zebaki. Na tundu la kwanza lisipite kwenye kitovu bila kuangaliwa, kwa sababu mshipa wa pale kwa mgonjwa wa presha ya porta huwa umefunguka.

Mkato mkubwa ni wa yule ambaye presha inashuka, tumbo limekaza, amechomwa kisu au mkuki, au kuna dalili kwamba duodenamu na utumbo vimeumia pia. Hapa daraja la ini halizuii. Wa daraja C anayevuja damu ana nafasi ndogo akipasuliwa na hana nafasi asipopasuliwa, na ndugu waambiwe hivyo kwa maneno hayohayo.

Swali gumu linakuja baada ya tumbo kufunguka: utoe kifuko chote, nusu, au ukiache? Tumefundishwa kukitoa chote, na mikono inajisikia imemaliza kazi. Kwa mwenye sirosisi nasema wazi: ukiona mishipa imejaa nyuma ya kifuko, usikibandue kwenye ini. Kata ukuta wa mbele, uache wa nyuma ulipo, uchome utando wake, ufunge mlango wa mrija kwa ndani ikiwezekana, weka dreni, mrija wa kutolea maji. Kifuko kilichobaki nusu huweza kuvuja nyongo kwa siku kadhaa, na mara nyingi huacha chenyewe. Damu kutoka kwenye ini gumu haiachi yenyewe.

Na kuna njia ya tatu, ndogo zaidi, ninayotamani kila daktari wa wilaya aijue. Tundu liko moja, ukuta unaozunguka una rangi ya uhai, mgonjwa ni dhaifu. Pitisha katheta ya Foley, ule mrija wa mkojo wenye puto, kwenye tundu hilohilo, vuta mshono wa mduara kuizunguka kama mdomo wa mfuko wa kamba, jaza puto maji kidogo tu, funika kwa mafuta ya tumbo, toa katheta kwenye ngozi kupitia tundu jingine dogo, osha tumbo, funga. Vifaa vyote vipo hospitali yoyote inayofanya upasuaji wa uzazi, na ini haliguswi hata kidogo.

Ini likitoa damu na haliachi, libane kwa vitambaa, funga ngozi, mpe joto na damu, umfungue tena baada ya saa 24 hadi 48. Kuendelea kushona ini gumu ni kulichana.

Dreni nayo ina pande mbili. Kwa mwenye maji inayatoa kila siku pamoja na protini, na ikikaa sana inaleta maambukizi. Pale nyongo inapohusika naiweka bila kusita, ile iliyofungwa na mfuko wake, na naitoa mapema rangi ya nyongo ikishapotea.

Damu na dawa

Dawa ya tranexamic ndani ya saa 3 za ajali: gramu 1 kwa dakika 10, kisha gramu 1 kwa saa 8. Utafiti wa CRASH-2 wa 2010, uliohusisha majeruhi zaidi ya 20,000, ulionyesha inapunguza vifo, na baada ya saa 3 faida inageuka kuwa hatari. Usichanganye na kutapika damu kwa mgonjwa wa ini: utafiti wa HALT-IT wa 2020 haukuona faida huko. Ukiitoa, itoe kwa sababu ya ajali.

Usimwage plazma (majimaji ya damu) ili INR isomeke vizuri kwenye karatasi. Kwa sirosisi namba hiyo haitabiri vizuri nani atatoa damu, na ujazo wa plazma unapandisha presha ileile ya porta inayokusumbua. Kwa anayevuja damu au anayekwenda kupasuliwa, chembe sahani zaidi ya 50,000 na fibrinojeni (protini ya kugandisha damu) ni shabaha bora, pamoja na vitamini K, hasa kwa mwenye manjano.

Diklofenaki isiguswe, figo za mgonjwa huyu hazina akiba. Parasetamoli inaruhusiwa, isizidi gramu 2 kwa siku. Mofini kwa dozi ndogo zilizoachana. Akihangaika usiku usimlaze kwa diazepamu, tafuta kwanza damu, maambukizi na choo kisichopatikana, na mpe laktulosi, dawa ya kulainisha choo. Nyongo ikivuja, seftriaksoni na metronidazoli zianze mara moja. Ukitoa maji zaidi ya lita 5 kwa mkupuo, albumini gramu 6 hadi 8 kwa kila lita iliyotoka, kama ipo.

Kupasua hapa au kutoa rufaa

Presha haishiki licha ya damu: pasua hapo ulipo, fanya kidogo, bana, weka mrija, halafu rufaa. Kumpakia kwenye gari mtu anayevuja damu ili akafanyiwe vizuri zaidi kwenye hospitali kubwa kama Bugando au KCMC ni kumwacha afe njiani. Presha imeshika lakini nyongo inavuja: anza dawa za vijidudu, toa sampuli, mpigie simu bingwa, safirisha siku hiyohiyo. Amevilia tu: swali ni moja, je, wodi yako inaweza kumwangalia?

Kwenye barua ya rufaa andika bilirubini ya maji na ya damu, saa zilipochukuliwa, na hali ya mgonjwa kabla ya ajali kama ndugu walivyoieleza. Kule anakokwenda watapima vingine vyote upya, lakini hivyo vitatu hawataweza kuvipata.

Ndugu nao wana maswali matatu ya kuuliza kabla ya kusaini: ni damu, ni nyongo, au ni maji yake ya zamani, na mmejuaje? Kifuko kitatolewa chote au nusu, na kwa nini? Baada ya upasuaji atalala wapi, na nani atamwangalia usiku? Daktari anayejua anachofanya atayajibu kwa dakika tano.

Aliyeruhusiwa kurudi nyumbani bila kupasuliwa arudishwe akianza kuvimba tumbo haraka kuliko kawaida yake, homa, manjano kuongezeka, choo cheusi, au maumivu ya bega la kulia. Hata kama zimepita wiki tatu tangu ajali, na hata kama yeye mwenyewe anasema ni ini tu.